Hundi Iliyotangulia Hesabu

Aprili 2020 fedha za kupunguza makali ya korona zilianza kuingia katika akaunti za Wamarekani, wengi wao bila kujaza ombi lolote: dola 1,200 kwa mtu mzima, 500 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17. Desemba mwaka huo Bunge likaidhinisha malipo ya pili, dola 600 kwa kila mmoja, na Machi 2021 yakaja ya tatu, dola 1,400. Wengi walizitumia zikaisha kwa kodi ya pango na chakula. Maswali yalianza msimu wa ritani ulipofika. Je, hizi nazo zinatozwa kodi?

Hazitozwi. Hazikuwa mapato, na katika fomu 1040, ile ya ritani, haziandikwi pamoja na mshahara. (Fedha za ukosefu wa ajira ni habari nyingine: hizo hutozwa kodi, ingawa kwa mwaka 2020 dola 10,200 za kwanza zilisamehewa kwa wenye mapato ya chini ya 150,000.) Lakini jibu hilo fupi liliwapoteza wengi, wakadhani ritani haina habari na fedha hizo. Inayo, tena sana. Kisheria zilikuwa nafuu ya kodi ya mwaka 2020, na yale malipo ya tatu nafuu ya mwaka 2021, iliyotolewa kabla hesabu ya mwaka wenyewe haijapigwa.

Mkenya aliyeajiriwa anaijua nafuu ya namna hii, hata kama hajawahi kuitazama kwa makini. Kila mwezi, kodi yake ikishapigwa hesabu, hupunguzwa shilingi 2,400. Kinachopunguzwa ni kodi yenyewe, si mshahara unaotozwa. Ila nafuu ya Kenya hukomea kwenye sifuri: kodi ikiwa shilingi 1,500, zile 900 zinazobaki hupewi. Hii ya Marekani ililipwa hata kwa asiyedaiwa senti moja ya kodi.

Sasa, Aprili 2020 serikali ingejuaje mtu atakuwa amepata kiasi gani ifikapo Desemba? Isingeweza. Mamlaka ya kodi, IRS, ilitazama ritani ya 2019, au ya 2018 kwa aliyekuwa hajawasilisha, ikakadiria kwa hiyo. Mtu asiye na mwenzi alipata malipo kamili ikiwa mapato yake hayakuzidi dola 75,000. Kila dola 100 zilizozidi hapo zilimpunguzia 5. Makadirio yakikosea, ritani ndiyo inayosahihisha.

Chukua mtu asiye na mwenzi aliyepata dola 95,000 mwaka 2019. Amezidi kiwango kwa 20,000, kwa hiyo 1,000 zinakatwa na anatumiwa 200. Malipo ya pili hapati chochote. Kisha 2020 hoteli anakofanya kazi inafungwa, na mapato yake ya mwaka yanashuka hadi 40,000. Kwa mwaka huo alistahili 1,200 na 600, jumla 1,800. Zile 1,600 ambazo hakutumiwa anazidai kwenye mstari wa 30 wa fomu 1040. Ikiwa mwajiri alishakata kodi yake yote, atarudishiwa 1,600 taslimu. Ikiwa bado anadaiwa 2,000, atalipa 400 tu.

Geuza mambo: 40,000 mwaka 2019, 95,000 mwaka 2020. Amepokea 1,800 na alistahili 200. Je, atazirudisha 1,600? Hapana. Mstari wa 30 unakuwa sifuri, yakaisha. Wapo walionung'unika kwamba huo ni upendeleo. Kwangu ni uamuzi wa busara. Kumwandama mtu kwa pesa alizokwisha kula katikati ya janga kungeleta usumbufu mkubwa kuliko faida.

Mstari huohuo uliwafaa wazazi wa mtoto aliyezaliwa 2020, ambaye ritani ya 2019 haikumjua. Uliwafaa pia wanandoa ambao mmoja wao hakuwa na namba ya hifadhi ya jamii: sheria ya kwanza iliwanyima wote wawili, ile ya Desemba ikamrudishia haki mwenye namba. Mwanafunzi aliyetoka Nairobi au Dodoma kwa viza ya masomo alikuwa na shida ya kinyume. Kwa kawaida miaka yake mitano ya kwanza sheria ya kodi humhesabu kuwa si mkazi, hivyo hakustahili kitu. Waliojaza 1040 badala ya 1040-NR, fomu ya wasio wakazi, walijikuta wametumiwa fedha, na hao walitakiwa kuzirudisha.

Mamilioni ya ritani za 2020 zilikosewa kwenye mstari huo. Wengine walisahau walichopokea, wengine walidai mara ya pili, na barua za masahihisho zikachelewesha marejesho yao.

Kuna waliouacha mstari huo wazi kabisa. Desemba 2024 IRS ilitangaza kuwalipa yenyewe watu wapatao milioni 1, jumla ya takriban dola bilioni 2.4, waliowasilisha ritani ya 2021 bila kudai haki yao. Ambaye hakuwasilisha kabisa alipewa hadi tarehe 15 Aprili 2025. Zisizodaiwa kufikia siku hiyo zilibaki katika hazina ya serikali.