"Malaika": kwa nini bado unatuliza?



Majuzi tulikuwa Houston kwenye harusi ya mpwa wa mke wangu. Sisi tunaishi Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, kwa hiyo ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, I-45 moja kwa moja. Ukumbi ulijaa Watanzania, Wakenya na Wakongo. DJ, kijana mdogo tu, alipiga bongo fleva mpaka kina dada wakavua viatu. Kwenye saa tano usiku akaweka "Malaika". Basi bwana, ukumbi ukatulia. Wazee wakasimama, na mama mmoja mezani petu akatoa leso akafuta macho. Nikajiuliza, hivi wimbo huu una nini? Ndoa imeshafungwa, mahari imeshapokelewa, halafu tunalizwa na habari za mtu aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali!

Historia yake wengi mnaijua. Fadhili William, Mkenya, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ndiye aliyeutangaza. Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba aliutunga yeye katika miaka ya 1940, na ubishi huo haujaisha. Miriam Makeba akaupeleka duniani. Yumo nao pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965. Boney M. waliuimba 1981, Angélique Kidjo 1991. Fadhili mwenyewe aliishi miaka mingi hapa Marekani, akarudi nyumbani, akafariki Nairobi mwaka 2001. Kwa hiyo mwimbaji wetu naye alikuwa mtu wa ughaibuni kama sisi.

Lakini umaarufu hauelezi machozi. Mimi naona siri imo kwenye sarufi. Kitenzi cha kuoa mle ndani kimevikwa -nge-, si -ngali-. Najua mitaani tunazichanganya, ila walimu wetu walitufundisha tofauti: -ngali- ni mlango uliofungwa, jambo limeshapita, -nge- ni mlango ulioegeshwa tu, bado jambo linaweza kuwa. Huyu bwana angetumia -ngali-, ungekuwa wimbo wa msiba. Kwa -nge- bado anasubiri, na kila ukipigwa anasubiri tena, miaka sitini sasa.

Tena hamlaumu mtu. Hamlaumu binti, hawalaumu wakwe, hata mila haisemi vibaya. Anataja upungufu wake basi. Ndiyo maana kila mtu anaweza kuingia humo. Angalieni Makeba na Kidjo: kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na bado wanawake hao wameimba maneno ya mwanamume bila kuyageuza, wala hakuna Mswahili aliyeshtuka. Huyo "mimi" wa wimbo ni vazi, linamkaa yeyote aliyewahi kupungukiwa.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Corsicana, binti yetu aliyezaliwa huku Texas akaniuliza, "Baba, sasa kwa nini asikope tu benki?" Nikacheka. Sauti ikatoka kiti cha nyuma, ya mama yake niliyedhani amelala: "Mwambie baba yako naye alikopa. Kwa babu yako."

Ni kweli. Mimi ni Mpare wa Same, na utani kuhusu Wapare na pesa mnaujua, kwa hiyo chekeni tu. Mwaka 1997 nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea udaktari Ujerumani, na mfukoni nilikuwa na nusu ya mahari. Wazee wa upande wa pili walitaka harusi isubiri. Baba mkwe akasema, "Mwacheni akasome. Iliyobaki ataileta taratibu." Nikaoa.

Basi kila mwaka nikawa nasema ningemalizia, ila kuna ada. Ningemalizia, ila kuna kodi ya nyumba. Ningemalizia, ila makaratasi hayajatoka. Mzee hakunikumbusha hata siku moja. Akafariki 2009. Nilikuwa huku, sikuweza kusafiri, nikasikiliza mazishi kwenye simu. Miaka miwili baadaye niliipeleka ile nusu kwa ndugu zake. Waliipokea vizuri, tukala, tukanywa. Lakini aliyenikopesha hakuwepo mezani. Siku hiyo ndipo nilipoielewa -ngali-, pamoja na digrii zangu zote za isimu.

Nadhani ndicho kinachotukuta tukiwa Houston au Dallas. Wengi wetu siku hizi mali ipo, walau kidogo. Tuliondoka na -nge- nyingi: ningemjengea mama, ningerudi kufundisha, ningekuwepo. Nyingine zimeshageuka -ngali- bila taarifa. Wimbo unakuja, dakika tatu tu, unaturudisha pale ambapo mlango ulikuwa bado umeegeshwa. Ndiyo maana nasema unatuliza, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Binti yangu nilimjibu hivi: benki inakopesha pesa, haikopeshi muda. Akanyamaza mpaka Dallas. Asubuhi yake aliniomba namba ya simu ya bibi yake kule Same.

Naomba kuwasilisha.