Adui Hujulikana kwa Ukuta Wake

Mmea hauna damu, kwa hiyo hauna askari wa kuzunguka mwilini kumsaka mvamizi. Kila seli hujilinda palepale ilipo, na ni lazima iamue yenyewe kama kilichoigusa ni vumbi, tone la mvua, au kuvu iliyokuja kula. Uamuzi huo hufanyika kwenye utando wa seli, kwa protini zinazoitwa vipokezi.

Tuuchukue mpunga na kuvu yake sugu, Magnaporthe oryzae. Wakulima wa pishori wa Mwea, Kenya, wanaijua kwa madoa ya kijivu yaliyochongoka pande mbili kwenye majani, na kwa masuke yanayokauka bila kujaza punje. Spora ikitua kwenye jani lenye unyevu huota, hutengeneza kifuko cheusi, kisha hujaza humo shinikizo linaloweza kufika megapaskali 8, takriban mara 80 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Kwa nguvu hiyo hulitoboa jani.

Lakini kuvu haiwezi kuingia bila ukuta wake, na ukuta huo una kitini, mnyororo mrefu wa sukari zenye naitrojeni, kilekile kinachopatikana kwenye magamba ya kamba na kaa. Mmea hautengenezi kitini hata kidogo. Kuta zake ni za selulosi. Kitini kikionekana kati ya seli za jani, basi kuna mgeni. Tena mmea hausubiri kionekane chenyewe: humwaga vimeng'enya vinavyoukatakata ukuta wa kuvu, na vipande vinavyobanduka ndivyo vinavyomfichua mvamizi.

Mwaka 1993 watafiti wa Basel, Uswisi, akiwemo Thomas Boller, walionyesha kwamba seli za nyanya hushtushwa na vipande hivyo hata vikiwa vichache mno. Kipokezi chenyewe kilichelewa kupatikana. Wajapani ndio waliokitangaza mwaka 2006, kwenye mpunga, wakakiita CEBiP. Mwaka uliofuata ikaelezwa protini nyingine, CERK1, kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Mpunga nao una CERK1 yake, nayo na CEBiP hugawana kazi. CEBiP hukamata kitini nje ya seli lakini haina sehemu ya ndani ya kupeleka habari. CERK1 inayo.

Hapa ndipo ninapoona ustadi mkubwa kuliko wote. Kipande cha sukari mbili au tatu hakiushtui mpunga sana. Cha sukari saba au nane huushtua vikali. Kipande kirefu hushikwa na CEBiP mbili kwa mpigo, moja kila upande, kama watu wawili waliobeba gogo moja. Kifupi hakiwatoshi wawili. Zikishakutanishwa hivyo, pamoja na CERK1, habari huvuka utando. Ndani ya dakika chache kalisi hufurika ndani ya seli, kemikali kali za oksijeni humwagwa nje, na jeni za ulinzi huanza kufanya kazi.

Kuvu nayo haikulala. Haiwezi kuuacha ukuta wake, basi huficha ushahidi. Magnaporthe hutoa protini iitwayo Slp1, ambayo huvidaka vipande vya kitini kabla CEBiP haijavifikia. Watafiti walipoiondoa Slp1, ugonjwa ulipungua makali. Kuvu ya ukungu wa majani ya nyanya, Cladosporium fulvum, hutumia Ecp6 kwa hila hiyohiyo, na inayo nyingine pia, Avr4, inayojipaka juu ya ukuta ili vimeng'enya vya nyanya visiukate.

Sasa tazama nyanya ilivyojibu. Baadhi ya nyanya za porini zina kipokezi kingine cha juu ya seli, Cf-4, kisichojali kitini kabisa: kinaitambua Avr4 yenyewe. Ngao ikageuka kuwa kithibitisho. Seli zilizoshambuliwa hujiua, na kuvu hukosa pa kulia. Wazalishaji wa mbegu walizihamishia nyanya za bustani kinga za aina hii, na kuvu ikajibu kwa kuibadili Avr4 au kuipoteza. Ndiyo kasoro ya kinga inayotegemea jeni moja: ina nguvu sana, lakini adui huikwepa kwa badiliko dogo. Kinga ya kitini haina ukali huo, ila kuikwepa moja kwa moja ni vigumu zaidi, kwa kuwa kuvu haiwezi kuishi bila ukuta.

Kuna watu husema basi tuongeze tu makali ya kipokezi cha kitini. Mimi ningesita. Kuvu za mikoriza, zinazouletea mpunga fosforasi kutoka udongoni, nazo zina kitini, na hujitambulisha kwa kutumia, pamoja na ishara nyingine, vipande vifupi vya sukari nne hivi. CERK1 ileile inahusika kuzipokea. Mpunga ulioondolewa CERK1 hupoteza kinga inayoamshwa na kitini, na marafiki hao huchelewa kuingia mizizini. Kwa hiyo mbegu yoyote itakayoboreshwa kwa kugusa kipokezi hiki ipimwe majani na mizizi, tena kwenye udongo wa shamba, kabla mkulima hajauziwa.