"Mimi ni Kibarua Tu"



Ukitaka kujua hali ya kazi mahali fulani, usitazame mashine peke yake. Sikiliza pia watu wanavyojitaja. Kwenye lango la kiwanda, penye mizani ya majani ya chai, hata mashambani kwenye mkonge, jibu moja husikika mara nyingi: "Mimi ni kibarua tu." Leo katika ukurasa huu wa nchi jirani tunalipima neno hilo, maana ni zito kuliko linavyodhaniwa.

Kibarua kwa asili si mtu. Ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili apate malipo yake. Pole pole jina la karatasi likahamia kwa aliyeishika. Lakini lugha yetu haikudanganyika. Kazi ikipotea twasema kibarua kimeota nyasi. Mtu akifika twasema kibarua amefika. Lugha yenyewe inakiri kwamba aliyesimama hapo ni binadamu.

Wenzetu wa Tanganyika walikuwa na neno lao. Watu waliochukuliwa kutoka Kigoma, Songea na kwingineko kwenda kukata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Katika miaka ya 1950 nchi hiyo iliongoza duniani kwa mkonge, na mkataji alibaki kuwa namba. Jina hilo lilikuwa na kazi yake. Mwenye namba alihesabiwa kuwa mtu wa kupita, basi akalipwa na kulazwa kama mseja, wala hakuna aliyejali mke na watoto wake wanakula nini.

Sasa tuvuke mpaka twende Mombasa. Januari 1947 vibarua wa bandari, watu wa reli, na watumishi wa mahotelini na majumbani waligoma pamoja kwa siku 12, jumla yao wapatao 15,000. Kabla ya hapo kila kundi lilikuwa na jina lake na bwana wake. Uwanja walipokutana wakauita Kiwanja cha Maskini, na chama kilichozaliwa katika mgomo huo, kilichoongozwa na Chege Kibachia, kikawakusanya wote chini ya neno moja: wafanyakazi. Serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia mwaka huo huo, lakini nyongeza ya mshahara ilikuwa imekwisha kupatikana. Neno halikuwalipa hata senti moja. Liliwawezesha kudai kwa sauti moja, na hapo ndipo fedha ilipotoka.

Je, mambo hayo yamekwisha? Hayajakwisha. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaendelea: akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huyo atahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi. Akifika miezi miwili mfululizo, anastahili masharti yale yale ya sheria hiyo kama kwamba hakuanza kwa ukibarua.

Basi yuko mtu aliyechuma chai miaka mitatu bila kukatiza na bado anasema, "Mimi ni kibarua tu." Sheria imekwisha kumvua jina hilo, yeye mwenyewe analivaa tena kila asubuhi. Nyapara akimwambia, "Kesho usije," anaondoka kimya, kwa kuwa kibarua hadai. Hapo neno "tu" limefanya kazi ya mwajiri bila mshahara.

Tena tujihadhari na majina matamu. Wako waajiri wanaosema, "Hapa sisi sote ni jamaa moja," na saa za ziada hazilipwi. Jina zuri bila hati ya mshahara ni sufuria tupu yenye kifuniko kizuri. Tusibadilishe jina tukaacha masharti yale yale.

Tufanye nini? Kila mmoja aweke daftari lake: tarehe aliyoanza, siku alizofanya, fedha aliyopokea. Kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, tuulize karatasi inatuita nani na kwa muda gani. Tukiona jina haliendani na kazi tunayofanya, tumwone mwakilishi wa chama, kisha ofisi ya kazi, tukiwa na daftari mkononi. Na tukiulizwa getini sisi ni nani, tujibu kwa neno kamili: sisi ni wafanyakazi. "Tu" tuwaachie wengine.