ELIMU ISIUZWE GIZANI

Jirani na Kariakoo, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka ya 1970 wananchi walisoma kwa njia ya posta. Na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafikia watu wapatao milioni 2. Umbali haukuwa kisingizio.

Leo masomo husafiri kwa simu. Fundi cherehani wa Kariakoo hurekodi somo la kukata nguo. Mwanafunzi aliyeko Wete au Mafia hulipa kwa simu, akaingizwa katika kundi la WhatsApp. Hapandi boti, wala hatafuti pa kulala mjini. Jambo hili ni jema, nasi tunaliunga mkono.

Lakini penye urembo ndipo penye urimbo. Wapo wanaouza cheti pamoja na somo. Vyuo vya ufundi husajiliwa na NACTVET kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa Zanzibar. Cheti kisichotoka katika chuo kilichosajiliwa ni karatasi tu, na fedha ya mnyonge imekwisha kwenda.

Tunasema: muuzaji aeleze waziwazi nani anafundisha, kwa muda gani, na cheti chake kina thamani gani. Viongozi wasingoje malalamiko. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa ibandikwe hadi kwenye ofisi za shehia na vijiji. Mwananchi naye aulize kabla hajalipa. Mwenye ujuzi wa kweli haogopi kuulizwa.