Sangara hajui mpaka, simu inaujua

Jua likikaribia kuzama, mitumbwi ya sangara huanza kuondoka kwenye mialo ya Ziwa Victoria. Ndani yake huwa na wavuvi watatu au wanne, dumu la petroli, nyavu zilizokunjwa vizuri na vidumu vitupu vinavyotumika kama maboya. Kwenye mitumbwi mingi siku hizi kuna kitu kimoja zaidi: simu ya nahodha, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe.

Nyavu hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Kati ya saa hizo mbili ndipo ilipo faida ya usiku mzima, na si ya mvuvi peke yake. Mfanyabiashara anayesubiri mzigo Mwanza, Kisumu au Kampala mara nyingi ndiye aliyetanguliza fedha za petroli, nyavu na barafu. Wavu ukipotea, au mtumbwi ukikamatwa upande usio wake, deni hubaki palepale. Ndiyo maana swali la vifaa vya kisasa linamhusu hata asiyewahi kupanda mtumbwi: kati ya hivi vinavyouzwa madukani, kipi kinarudisha fedha yake?

Kilima na nyota

Kabla ya simu, mvuvi alikuwa na ramani yake kichwani. Alitega wavu mahali ambapo kilele cha kisiwa kimoja kilionekana kukaa sawa na mti au jabali la kisiwa kingine, kisha akatafuta alama mbili nyingine upande wa pili. Mistari hiyo miwili ilipokutana, hapo ndipo palipo wavu. Kina alikipima kwa kamba iliyofungwa jiwe. Usiku aliongozwa na nyota na upepo.

Elimu hiyo bado ina kazi karibu na nchi kavu. Tatizo ni kwamba ziwa lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na kadiri sangara wanavyopungua karibu na fukwe ndivyo wavuvi wanavyokwenda mbali, mahali ambapo hakuna kilima wala kisiwa cha kutazama. Nahodha anayerudi kwenye wavu uliotegwa kilomita 15 kutoka mwaloni, akikosea mwelekeo kwa nyuzi tano tu, atafika zaidi ya kilomita moja pembeni. Kidumu cha plastiki kinachoelea katikati ya mawimbi hakionekani kwa umbali huo. Hapo ndipo petroli inapoungua kwa kuzunguka, jua linachomoza, na samaki waliokwisha kufa kwenye wavu wanaanza kuharibika.

Simu inatatua tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Kipokezi cha GPS kilichomo ndani yake hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, kwa hiyo hufanya kazi hata pasipo na mtandao wala bando, ingawa huweza kuchukua muda mrefu zaidi kupata mahali ilipo kwa mara ya kwanza. Ramani ndiyo inayohitaji kupakuliwa mapema kabla ya kuondoka mwaloni. Mahali pa wazi kama ziwani, simu ya kawaida huonyesha ilipo kwa tofauti ya mita tano hivi. Nahodha akihifadhi alama pale alipotega, anarudi palepale alfajiri, hata kukiwa na ukungu.

Hata hivyo, wavu usiotiwa nanga husukumwa na upepo na mkondo. Simu humwambia nahodha wavu ulikuwa wapi jioni. Kukisia umekwenda wapi usiku ni kazi ya anayeujua upepo wa sehemu ile. Mvuvi mwenye simu lakini asiyejua upepo atafika mahali sahihi na kukuta maji matupu.

Mstari ulioko majini

Tanzania inamiliki takribani asilimia 51 ya ziwa, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Sangara hana habari na hesabu hiyo. Anaitwa sangara Tanzania, mbuta Kenya na mputa Uganda, na anahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila pasi ya kusafiria. Mvuvi anayemfuata ndiye anayekamatwa, kunyang'anywa injini na kutozwa faini. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutekelezwa Julai 2010, lakini leseni ya uvuvi bado ni ya kila nchi. Kuwa raia wa Jumuiya hakumpi mtu haki ya kutega wavu kwenye maji ya jirani.

Hapa simu ina faida ambayo wengi hawajaitumia. Mpaka wa Tanzania na Uganda ndani ya ziwa unafuata mstari mmoja ulionyooka: latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba nahodha hahitaji ramani ya gharama. Simu ikionyesha nyuzi 0 na dakika 59 kusini, yuko Uganda. Ikionyesha nyuzi 1 na dakika 1 kusini, yuko Tanzania. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.8, hivyo mwenye kutega karibu na mstari anapaswa kuacha nafasi ya kutosha kwa ajili ya wavu unaosukumwa na upepo.

Upande wa Kenya na Uganda mambo si mepesi hivyo, kwa sababu mpaka unapita kwa kona kati ya visiwa. Mvutano juu ya kisiwa kidogo cha Migingo, uliowafanya maofisa wa Kenya na Uganda kuanza upimaji wa pamoja mwaka 2009, ulitokana hasa na sangara wanaopatikana kwenye maji yanayokizunguka. Kwa wanaovua huko, njia salama ni kupata namba za mpaka kutoka ofisi ya uvuvi au kikundi cha usimamizi wa mwalo, yaani BMU, na kuziingiza kwenye simu kabla ya safari. Wavuvi wa Ziwa Albert na Ziwa Edward, wanaogawana maji kati ya Uganda na Kongo, wana hofu hiyohiyo.

Mashine inayosikia bondo

Kifaa kinachovutia macho zaidi dukani ni mashine ya kutafutia samaki. Hutoa mlio usiosikika na binadamu kwenda chini, kisha husubiri mwangwi. Sauti husafiri majini kwa takribani mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi kutoka kina cha mita 40, ambacho ndicho kina cha wastani cha Ziwa Victoria, hurudi katika muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kinachorudisha sehemu kubwa ya sauti hiyo si nyama wala mifupa. Ni mfuko wa hewa ulioko tumboni mwa samaki, ambao kila mfanyabiashara wa kanda hii anaujua kwa jina la bondo. Bondo hilohilo linalokaushwa na kupelekwa Asia kwa bei inayozidi ya minofu ndilo linalomfichua sangara kwenye kioo cha mashine.

Lakini mashine ina mipaka yake. Sauti hushuka kwa umbo la pia, na kwa mashine yenye upana wa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 40 inaona eneo la mita 14 tu chini ya mtumbwi. Wavu wa sangara huwa na urefu wa mamia ya mita, na unakaa majini usiku kucha. Kumwona samaki saa kumi na mbili jioni hakumaanishi atapita hapo saa nane usiku. Tena mwangwi hausemi jina la samaki. Hata taasisi za utafiti za nchi tatu, TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na NaFIRRI ya Uganda, zinapopima wingi wa samaki kwa sauti chini ya uratibu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, hushusha pia wavu wa kukokota ili kuthibitisha kilichoonekana.

Kuna jambo jingine ambalo mashine ya kawaida haipimi: hewa ya oksijeni iliyomo majini. Kati ya Septemba na Aprili hivi, maji ya juu ya ziwa hupata joto na kukaa juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika, na kule chini oksijeni hupungua. Sangara huhitaji oksijeni nyingi, hivyo hupanda juu au kukimbilia sehemu nyingine. Pepo za kusini za kati ya Juni na Agosti huyachanganya maji tena. Wavuvi wa zamani hawakuwa na neno oksijeni, lakini walijua ni miezi gani wavu uliozamishwa sana hurudi mtupu.

Kwa hiyo mashine hii inamfaa nani? Inamfaa anayevua kwa ndoana moja akiwa juu ya samaki, kama watalii wanaomfuata sangara mkubwa Rubondo au chini ya maporomoko ya Murchison, wanaohitaji kuona mawe na mashimo anakojificha. Kwa mtumbwi wa nyavu, au wa migonzo, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi zenye chambo cha kambare wadogo au furu, ni fedha inayoweza kusubiri.

Ngurumo ya alfajiri

Jambo linalomaliza mtaji haraka kuliko wavu kupotea ni dhoruba. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea majini, na hewa hiyo ikikutana katikati hupanda na kuwa mawingu ya ngurumo. Ndiyo maana dhoruba nyingi kali za ziwani hupiga usiku na alfajiri, saa zilezile nyavu zikiwa majini. Kila mwaka ziwa hili huua watu wengi, na kila mwalo una familia iliyoachwa bila baba.

Idara za hali ya hewa za nchi zinazozunguka ziwa hutoa utabiri kwa ajili ya wavuvi, na mwenye simu anaweza kuupata kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Mzee anayesoma wingu na harufu ya upepo anaweza kujua dhoruba inayokuja ndani ya saa moja. Utabiri humwonya akiwa bado mwaloni, wakati anaweza kuamua kutokwenda. Vyote viwili havina faida kubwa ikiwa wanne mtumbwini wana jaketi okozi moja.

Fedha ya kwanza iende wapi

Kwa mfanyabiashara anayetanguliza fedha kwa wavuvi, hesabu inaanza kujipanga. Jaketi okozi kwa kila mtu ni la kwanza, kwa sababu aliyezama hafui wavu wala halipi deni. Simu yenye GPS, mfuko usiopitisha maji na betri ya akiba vinafuata. Simu hiyohiyo huuliza bei ya mwalo wa pili kabla mtumbwi haujafika, na humwita mwenye barafu aje mapema. Barafu ni ya tatu, kwani sangara asiyepozwa hushuka daraja ndani ya saa chache, na aliyekusudiwa kiwanda cha minofu huishia kuwa kayabo, yule wa kukaushwa kwa chumvi anayepelekwa Kongo kupitia soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza. Kayabo ni biashara nzuri kwa aliyeipanga, lakini ni hasara kwa aliyelazimishwa na joto.

Mashine ya kutafutia samaki inakuja mwisho wa orodha. Nayo ina hatari yake: hakuna kifaa chochote kinachoongeza samaki majini. Sangara aliletwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960, akala mamia ya aina za furu, akajaza viwanda miaka ya 1980 na 1990, na leo wavuvi wanamfuata mbali zaidi kwa ajili ya samaki wadogo zaidi. Vifaa vya kumpata kwa haraka, mikononi mwa kila mtumbwi, vitaharakisha tu safari hiyo.

Ndiyo maana kipimo chenye uzito kuliko vyote kwa biashara ya miaka kumi ijayo hakina betri. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa, iwe Tanzania, Kenya au Uganda. Mfanyabiashara anayemnunua, hata kwa bei ya chini, ananunua samaki ambaye hajazaa na bondo lisilo na uzito. Cha kupimia ni ubao uliochorwa mistari, na unaweza kutengenezwa na fundi seremala yeyote mwaloni.