Fundi Anayefanya Kazi kwa Mwanga

Sisi akina mama tunalipenda jua. Hutukaushia nguo, mahindi na dagaa. Hata hivyo, mwanga wake una miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, ambayo hudhuru ngozi hadi kwenye DNA, yaani ule uzi wenye maelekezo ya urithi ndani ya chembe hai zetu.

Uzi huo una herufi nyingi zilizopangwa kwa mstari. Miale ikiupiga, herufi mbili jirani huweza kushikana, kama meno ya zipu yaliyojipinda. Hapo maelekezo hayasomeki vizuri. Makosa yakirundikana, saratani ya ngozi huweza kuanza.

Jua linaloumiza na kuponya

Mwaka 1949 Albert Kelner, mtafiti wa Marekani, aliona jambo la ajabu. Vijidudu vilivyopigwa na miale hiyo vilipona kwa wingi vilipowekwa kwenye mwanga wa kawaida. Fundi wake ni kimeng'enya kiitwacho fotolaiesi. Hushika mahali palipoharibika, na mwanga wa buluu ukikifikia, hutumia nguvu zake kuzitenganisha herufi hizo bila kukata kitu. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, alianza kukichunguza miaka ya 1970. Mwaka 2015 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kueleza jinsi DNA inavyotengenezwa inapoharibika.

Je, mtoto wako?

Mimea, samaki na vyura wana kimeng'enya hicho, binadamu hatuna. Mwili wetu hukata kipande kibovu, chenye herufi kama 30, kisha hujaza kipya. Kazi hii ni ya polepole. Tena wapo watoto wachache ambao kwao njia hii ina hitilafu tangu kuzaliwa. Ugonjwa wao huitwa ziroderma pigmentosamu. Usiuchanganye na ualbino: mwenye ualbino amepungukiwa rangi inayokinga ngozi; mtoto huyu amepungukiwa fundi. Wote wawili jua huwadhuru sana.

Mama, ukiona mwanao anaungua kwa jua la muda mfupi, anatokwa na madoadoa usoni kabla ya kutimiza miaka 2, au macho yake hayavumilii mwanga, mkinge na jua na umpeleke hospitali mapema. Kwa watoto wote, kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni huupunguzia mwili kazi ya kujitengeneza.