Kuandaa Picha za Madrasa Kabla ya Kuziweka Mtandaoni



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu wanafunzi na wazazi, baada ya mahafali niliwatumia wazazi picha 40 kama zilivyotoka kwenye simu. Mzazi mmoja, mkulima wa zabibu hapa hapa Hombolo, alinisubiri nje ya msikiti baada ya swala ya Isha. "Ustadh, picha zako zimemaliza bando langu lote, na mwanangu sijamwona." Kosa lilikuwa langu, na ndiyo sababu ya makala hii. (Kuhusu hukumu ya picha wanazuoni wametofautiana, sitaingia huko. Nazungumzia picha ambayo imekwisha kupigwa.)

Picha ya dijitali ni vidoa vya rangi viitwavyo pikseli. Ni kama mkeka wa ukili wa rangi: ukiwa mbali waona ua, ukisogea waona ukili mmoja mmoja. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Kila pikseli huhitaji baiti 3, kwa hiyo picha moja ingekuwa megabaiti 36. Mfumo wa JPEG, ambao ulitolewa mwaka 1992, huibana hadi megabaiti 4 hivi. Zidisha kwa 40, upate 160. Hapo ndipo bando la mzee wetu lilipokwenda.

Dawa yake ni kupunguza vipimo. Ukiishusha picha hadi pikseli 1200 kwa 900, zinabaki pikseli 1,080,000, pungufu mara 11, na kwenye kioo cha simu macho hayaoni tofauti. Ukiihifadhi kwa ubora wa asilimia 80 hivi, itakuwa kama kilobaiti 200. Picha zote 40 zinakuwa megabaiti 8 tu. Upana na urefu vipunguzwe kwa pamoja, la sivyo Ustadh atatoka mwembamba kama mkuki. Tena fanya kazi kwenye nakala, picha mama usiiguse, kwa sababu kila ukiihifadhi upya JPEG inapoteza kitu, na kilichopotea hakirudi.

Sasa jambo linalotuhusu sisi hasa. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na inapobanwa sana hutia ukungu kando ya mistari myembamba. Kwenye sura ya mtu si neno. Kwenye ubao wenye aya ni balaa: nukta mbili za taa zikiungana na kuonekana moja, msomaji ataiona nuun, nukta tatu za thaa zikififia, nani atajua ni thaa au taa? Maandishi yaliyopigwa safi kwenye kompyuta yahifadhiwe kwa PNG, ambayo haipotezi kitu. Ubao uliopigwa picha usipunguzwe sana, na kabla ya kutuma ukuze picha uhesabu nukta. Angalia pia kama umetumia kamera ya mbele. Baadhi ya simu huipindua picha kama kioo, na Kiarabu kikaanzia kushoto!

Kanzu nyeupe nazo huidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso za watoto zinakuwa giza. Gusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga. Jua la Dodoma saa saba mchana huweka kivuli machoni, kwa hiyo mimi hungoja baada ya Alasiri.

Linalonitia hofu zaidi halionekani. Ndani ya faili la picha simu huandika tarehe, saa na, kama kitambua mahali kimewashwa, sehemu kamili ulipopigia. Picha ya mtoto mlangoni kwao humwonyesha mgeni asiyemjua njia ya kufika. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera. WhatsApp huondoa taarifa hiyo picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama dokumenti inabaki nayo.

Tazama pia kingo za picha. Binti aliyepita nyuma mtandio ukiwa umemvuka, mtoto aliyekuwa akilia, mgeni asiyetaka kupigwa: kata sehemu hiyo. Isipokatika bila kuharibu, iache picha yote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni katika taarifa zake. Kwa mtoto, mimi humuuliza mzazi kwanza, hata kama mwenyewe anang'ang'ania aonekane.

Yule mzee nilimtumia tena picha moja tu, ya mwanawe akipokea msahafu, kilobaiti 180. Ilifunguka tukiwa bado tumesimama.

Wabillahi tawfiq.